Matabaka ya dawa ya jino yanashikanaje? Maswali tunayoulizwa kila wiki

Mengi ya maswali haya yametoka kwa wagonjwa waliokaa kitini mdomo wazi, wakashindwa kuuliza, wakauliza waliposhuka. Machache ni ya wanafunzi wanaokuja kujifunza kazi. Yote yanahusu dawa nyeupe ya kuzibia meno, yaani kompoziti. Neno "dawa" tumelizoea na nitaendelea nalo, ingawa kompoziti haitibu chochote: ni resini, yaani plastiki, iliyochanganywa na unga laini wa kioo.

Kwa nini mnaweka dawa kidogo, mnamulika, mnaongeza tena? Si mngejaza mara moja tukamaliza?

Sababu kubwa ni mwanga. Kompoziti haigandi yenyewe kama saruji, inasubiri taa. Ndani yake mna kemikali ya manjano iitwayo kamforakwinoni, inayonasa mwanga wa bluu wa karibu nanomita 470 na kuamsha molekuli za resini zianze kushikana. Mwanga huo hauendi mbali. Unapopita kwenye unga wa kioo na rangi unafifia, na ukishavuka milimita 2 hivi hauna nguvu ya kutosha. Ukilijaza shimo la milimita 5 kwa mkupuo mmoja, juu patakuwa jiwe na chini pabichi, kama ugali uliopakuliwa kabla haujaiva. Mgonjwa hatajua, kwa sababu ulimi wake unagusa juu tu.

Sababu ya pili ni kusinyaa. Molekuli zikishikana zinasogeleana, na kompoziti nyingi hupoteza asilimia 2 hadi 3 hivi ya ujazo wake. Fikiria shimo la jino kama chumba kisicho na dari: kuta nne na sakafu. Dawa imenata kwenye nyuso 5, na uso ulio huru ni mmoja tu. Ikisinyaa inazivuta zote tano kwa pamoja, na kitakachoachia ni gundi inayoishikisha dawa kwenye jino, au ukuta mwembamba wa jino. Feilzer na wenzake wa Amsterdam waliiandika hesabu hiyo mwaka 1987, uwiano wa nyuso zilizoshikwa kwa nyuso zilizo huru, na hadi leo wanafunzi wanaikariri. Ndiyo maana matabaka huwekwa kwa mshazari, kila moja liguse kuta chache. Wapo watafiti wanaobisha kwamba kupanga matabaka kunapunguza mvutano kiasi hicho. Habari ya mwanga haina mbishi.

Sasa matabaka yenyewe hayataachana, kama mbao zilizogundishwa?

Hili ndilo swali ninalolipenda kuliko yote, kwa sababu jibu lake liko kwenye hewa tunayovuta.

Taa ikiwaka, ndani ya dawa huzaliwa vipande vya molekuli vyenye njaa, radikali huru kama wanakemia wanavyoviita. Kila kimoja hudaka molekuli ya jirani, nayo hudaka inayofuata, na mnyororo unarefuka. Lakini pale juu, dawa inapogusana na hewa, oksijeni inawahi kuvidaka vile vipande kabla havijaipata resini. Kinachozaliwa hapo ni kizembe, hakina haraka ya kumshika mtu. Kwa hiyo hata umulike vipi, uso wa juu unabaki na utando mbichi. Ni mwembamba mno, mikroni chache hadi makumi kadhaa, na unywele mmoja una mikroni 70 hivi. Ukiugusa kwa ncha ya chuma unanata kama asali.

Mwanafunzi akiuona mara ya kwanza hudhani taa imeharibika. Taa ni nzima. Ukiweka tabaka jipya juu ya utando huo, resini mbichi ya juu inachanganyika na resini mbichi ya chini. Tena tabaka jipya limeshauziba utando usiguswe na hewa. Ukimulika, vyote viwili vinaganda pamoja, mnyororo mmoja kutoka chini kwenda juu. Hapo hakuna gundi kati ya kitu na kitu; ni mwili mmoja ulioumbwa kwa awamu.

Kuna na akiba nyingine. Hata taa nzuri haimalizi kazi yote: kati ya robo na nusu ya viungo vya resini vinavyoweza kushikana hubaki wazi ndani ya dawa iliyokwisha ganda. Tabaka jipya likija mapema linavikuta. Ndiyo maana majaribio ya maabara yaliyouondoa utando ule kwa makusudi yamekuta matabaka bado yanashikana vizuri. Utando unasaidia, ila si kweli kwamba bila huo kila kitu kinabomoka, kama tulivyokuwa tukiambiwa darasani.

(Mwanafunzi) Basi niufute kwa spiriti au niuache?

Uache. Kila unapopitisha kitu pale katikati unaongeza nafasi ya kuleta uchafu. Vivyo hivyo usichovye kifaa kwenye spiriti ili dawa isikinatie: spiriti ikibaki kati ya matabaka inadhoofisha pale pale unapotaka nguvu. Futa kifaa kikauke, au tumia resini iliyotengenezwa kwa kazi hiyo, tone dogo tu. Na usisawazishe dawa kwa kidole chenye glavu iliyokwisha shika shavu la mgonjwa. Najua unafanya. Sote tumefanya.

Na utando wa tabaka la mwisho unakwenda wapi, kama hakuna tabaka jingine la kuufunika?

Ukiachwa utachakaa na kunyonya rangi ya chai ndani ya siku chache. Tunaupaka jeli ya gliserini, hewa isifike, kisha tunamulika mara ya mwisho. Au tunausugua wakati wa kung'arisha. Ule mzunguko wa mashine laini mwishoni, ambao watu hudhani ni urembo, kazi yake nyingine ni hiyo.

Kama matabaka yanashikana vizuri hivyo, kwa nini dawa hutoka?

Kwa sababu mahali dhaifu kwa kawaida si kati ya tabaka na tabaka. Ni pale tabaka la kwanza linapokutana na jino.

Jino lina magamba mawili ya kushughulikia. La nje, enameli, ni madini kwa asilimia 96 hivi, na hilo tulishalimudu zamani. Mwaka 1955 daktari Michael Buonocore wa Rochester, New York, aliona viwanda vinavyopaka chuma asidi ili rangi ishike, akajaribu asidi ya fosforiki kwenye enameli. Aliiacha asidi ya asilimia 85 kwa sekunde 30. Siku hizi tunatumia ya asilimia 35 hadi 37, lakini wazo ni lile lile: asidi inachimba vitundu vidogo visivyoonekana, resini nyepesi inaingia humo, ikiganda inakuwa na mizizi. Miaka michache baadaye Rafael Bowen, naye Mmarekani, alitengeneza resini ya Bis-GMA, akapata hataza yake mwaka 1962, na kompoziti nyingi za leo bado zina ukoo naye.

Dentini, gamba la ndani, ndiyo yenye visa. Ina maji, ina nyuzi za kolajeni, na imejaa mirija inayoelekea kwenye mshipa wa jino. Asidi ikiondoa madini, nyuzi hubaki zimesimama kama majani ya mpunga ndani ya maji. Ukizikausha kwa hewa kupita kiasi zinalala chini na gundi haipiti. Ukiacha maji mengi, gundi inazimuliwa. Nakabayashi wa Tokyo alionyesha mwaka 1982 kwamba gundi ikipenya vizuri kati ya nyuzi hizo hupatikana tabaka la mseto, nusu jino nusu resini. Tabaka hilo, lenye unene wa mikroni chache, ndilo linalobeba dawa yote iliyo juu yake. Kwa hiyo ukituona tunapuliza hewa kwa hatihati, mara tunasita, mara tunagusa kwa kipamba chenye unyevu, tunatafuta kipimo hicho.

Ulimi wangu uligusa dawa katikati ya kazi. Ina shida?

Kama ulituashiria kwa mkono, hapana. Kama ulinyamaza, huenda.

Mwaka wangu wa kwanza kazini nilimziba mama mmoja gego la chini, la nyuma kabisa. Tabaka la kwanza lilikwisha ganda. Nikageuka kuchukua dawa, mara ulimi ukapita. Nikaona unyevu kidogo, nikapuliza hewa, ukakauka, nikaendelea. Baada ya miezi kama minne alirudi. "Dokta, dawa yako hii hapa." Kipande alikuwa amekifunga kwenye kona ya kanga. Nilikitazama kwa lenzi: upande wa chini ulikuwa laini, unang'aa, umetoka mzima kama ganda la yai lililochemshwa. Kitu kilichovunjika huwa na kingo kali na uso wenye makovu. Hiki hakikuvunjika, kilibanduka. Mle jinoni tabaka la kwanza lilikuwa bado limekaa imara.

Kosa langu lilikuwa kudhani kwamba mate ni maji. Maji yakipulizwa yanaondoka. Mate yana protini, na yakikauka yanaacha ngozi nyembamba inayoufunika utando mbichi tuliousema. Njia sahihi ni kuosha kwa maji mengi, kukausha, kupaka gundi upya, kumulika, ndipo tabaka jipya liwekwe. Wengine hupitisha na asidi tena kwa ajili ya kusafisha. Ni dakika mbili. Yule mama nilimziba upya bila malipo, na tangu siku hiyo nikiwa na gego la nyuma natumia shuka la mpira, ile mpira nyembamba inayofunika mdomo na kuliacha jino peke yake. Wagonjwa hawaipendi. Wanasema wanahisi kama wamefungwa mdomo, na hawajakosea.

Damu ya fizi ni hivyo hivyo, ila mbaya zaidi.

Kipande kimetoka. Nikitupe?

Kilete. Kama ulivyoona kwa yule mama, upande wake wa chini unatuambia ni nini kilichoachia, na hivyo tujue pa kurekebisha.

Dawa ya miaka sita iliyopita imevunjika kona. Inaongezewa au inatolewa yote?

Mara nyingi inaongezewa, lakini usidhani ni sawa na kuweka tabaka la pili siku ile ile.

Fundi ujenzi mmoja, mzee wa makamo, alinielezea jambo hili vizuri kuliko nilivyoweza kumwelezea mimi. Nilikuwa nimeanza maelezo yangu ya molekuli, akanikatiza. "Ni zege la jana na zege la leo, daktari. Ukimwaga la leo juu ya la jana lililokwisha kauka, likakuta uso laini, hapo umeweka ufa. Lazima ulitindue kwanza, ulimwagie uji wa saruji, ndipo umwage." Nikamwambia mzee, umemaliza kila kitu, fungua mdomo.

Dawa ya zamani imepoteza vile vipande vyenye njaa, na imekunywa maji ya mdomoni miaka yote hiyo. Utando mbichi hakuna. Kwa hiyo tunaikwaruza kwa mashine, au tunaipulizia chembe za oksidi ya alumini za mikroni 50, ipate makovu ya kushikia. Asidi ya fosforiki hapa inasafisha tu, haichimbi kompoziti. Pale unga wa kioo ulipochomoza tunapaka sileni, kemikali yenye mikono miwili: mmoja unashika kioo, mwingine unashika resini. Kisha gundi, kisha dawa mpya. Mshiko unaopatikana kwa kawaida haufikii ule wa matabaka ya siku moja, lakini unatosha kwa kazi nyingi, na faida yake ni kubwa: kila dawa nzima inapong'olewa, sehemu ya jino zima inakwenda nayo. Mimi huondoa yote ikiwa tu kuna kuoza chini yake au ufa umezunguka ukingo mzima.

Niliwekewa dawa ya muda yenye harufu ya karafuu. Mnaweza kuweka nyeupe juu yake?

Juu yake moja kwa moja, hapana. Harufu hiyo ni ya yujenoli, mafuta ya karafuu, hizi hizi za Unguja na Pemba. Jino linaloumwa linaipenda kwa sababu inatuliza. Lakini yujenoli hudaka radikali huru kama oksijeni inavyofanya, na tofauti ni kwamba huwezi kuifunika ukaiondoa. Tabaka linaloigusa linabaki laini na lile la juu yake halina pa kushika. Tunaikwangua yote, tunasafisha dentini, au tunatumia dawa ya muda isiyo na yujenoli kama tunajua nyeupe inafuata. Ukiwa umejitibu nyumbani kwa punje ya karafuu au pamba yenye mafuta yake, tuambie kabla hatujaanza. Hatukugombezi.

Nimekulia Arusha, meno yangu yana madoa ya kahawia. Dawa itashika?

Itashika, ila tutakuweka kitini muda mrefu zaidi. Maji ya pande za Mlima Meru, na sehemu za Bonde la Ufa upande wa Kenya pia, yana floraidi nyingi kuliko miligramu 1.5 kwa lita ambazo Shirika la Afya Duniani linashauri. Mtoto akiyanywa wakati meno yanaumbika, enameli hutoka na gamba la juu lisilokubali asidi kirahisi. Ukiweka jeli ya asidi kwa sekunde zile za kawaida, vitundu havichimbiki. Tunakwangua gamba hilo kidogo na kuongeza muda wa asidi. Matabaka ya juu hayana shida yoyote; kazi yote iko kwa lile la kwanza.

Nimeyafanya meupe juzi kwa dawa ya kung'arisha. Naweza kuzibwa leo?

Subiri wiki moja hadi mbili. Dawa hizo huacha oksijeni ndani ya jino, na oksijeni umeshaisoma tabia yake.

Nasikia kuna kompoziti inayojazwa mara moja. Mbona hamuitumii?

Tunaitumia kwa magego. Inapitisha mwanga zaidi na inaweza kugandishwa kwa unene wa milimita 4, nyingine 5. Inapunguza matabaka, na kila tabaka lililopungua ni nafasi moja ya mate iliyopungua. Kwa meno ya mbele siipendi, kwa sababu kule kupitisha mwanga kunaifanya ionekane kijivu. Na shimo la milimita 7 bado linahitaji awamu mbili, hata kama tangazo linasema vingine.

Chini ya ile nyeupe mliniwekea kitu kingine kama chokaa. Ni nini?

Ni glasi ayonoma. Waliitengeneza Wilson na Kent huko London, na ilitangazwa mwanzoni mwa miaka ya 1970. Inajishika yenyewe kwenye jino kwa kemia, inavumilia unyevu kuliko kompoziti, na inatoa floraidi kidogo kidogo. Shimo likishuka karibu na fizi, mahali ambapo hatuwezi kupakausha, tunaiweka chini na kompoziti juu.

Watanzania wana haki ya kujisifu kidogo hapa. Katikati ya miaka ya 1980 ni nchini kwetu ndiko njia ya kuziba meno kwa vifaa vya mkono tu, bila umeme wala mashine, ilikoanzia, Mholanzi Jo Frencken akiwa miongoni mwa waanzilishi. Baadaye glasi ayonoma ikawa ndiyo dawa ya njia hiyo, na mwaka 1994 Shirika la Afya Duniani likaipigia debe ulimwenguni. Kijijini kusiko na taa wala mrija wa kunyonya mate, nitachagua glasi ayonoma bila kufikiri mara mbili. Kompoziti iliyowekwa ndani ya mate ni hasara ya mgonjwa.

Ile taa ya bluu ni mionzi kama ya eksirei?

Hapana, ni mwanga wa kawaida wa kuonekana. Taa za kwanza, za miaka ya 1970, zilitumia mwanga wa urujuanimno, na hizo ziliachwa. Ila usiitazame: mwanga wa bluu mkali unaumiza macho, na ile miwani au ngao ya rangi ya chungwa ipo kwa sababu hiyo. Kinachonitia wasiwasi zaidi ni taa iliyochoka. Inawaka, inapendeza, lakini betri imezeeka au ncha yake imegandwa na dawa, na nguvu imeshuka. Jicho halioni tofauti, kipimo kinaona. Kliniki inayoipima taa yake kila wiki ina haki ya kukuambia.

Nikiuma linaniuma, tangu mnizibe.

Kama ni unapogonganisha meno tu, huenda dawa imezidi kimo. Ganzi ilikuzuia kuhisi. Rudi tupunguze, ni dakika tano. Kama ni maumivu ya baridi yanayopungua siku hadi siku, subiri wiki mbili. Kama yanakuamsha usiku, usisubiri.

Nile lini?

Dawa imeshaganda unapotoka mlangoni, ingawa ndani yake inaendelea kukaza taratibu kwa saa 24 hivi. Tatizo ni ganzi: subiri iishe, vinginevyo utaitafuna midomo yako mwenyewe ukidhani ni chapati.